Msipokee Toba ya Mikono Mitupu

Agosti 2027 Wakenya watapiga kura, na kampeni zimeanza zamani bila kusubiri ruhusa ya tume. Katika mikutano hiyo kuna maneno yatakayosemwa kwa sauti ya upole, pengine na mtu aliyevaa kofia mpya ya chama kipya: kwamba yeye moyoni hakuwahi kuafiki jeshi letu kuingia Somalia. Mwingine atasema aliafiki, lakini alidanganywa. Wa tatu atasema sasa imetosha, vijana warudi nyumbani. Wote watapigiwa makofi. Naandika mapema kwa sababu ya makofi hayo.

Sina ugomvi na mwanasiasa anayebadili msimamo. Anayeona vita vimekwenda kombo na bado akakaza shingo ni hatari kuliko kigeugeu yeyote. Tahadhari yangu ni juu ya kugeuka kusikofuta kitu: askari hawarudi, sheria haibadiliki, idadi ya waliokufa haitolewi, na hakuna anayeeleza nani alijua nini na lini. Kugeuka kwa namna hiyo kunawapoza wananchi, na wananchi wakishapoa, vita hupata nafasi ya kuendelea bila kusumbuliwa. Jambo hili limetendeka mbele ya macho ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 20, na kisa chenyewe ni Iraq.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 11 Oktoba 2002, Seneti ya Marekani ilimpa Rais George W. Bush idhini ya kuishambulia Iraq kwa kura 77 dhidi ya 23. Saa chache kabla, Bunge la Wawakilishi lilikuwa limepitisha idhini hiyo kwa kura 296 dhidi ya 133. Uchaguzi wa bunge ulikuwa 5 Novemba, wiki zisizofika nne mbele, na kila mgombea alijua tangazo la televisheni litakalotengenezwa dhidi yake akisema hapana.

Siku kumi kabla ya kura ile, idara za ujasusi zilikuwa zimekamilisha ripoti ya kurasa 92 kuhusu silaha za Iraq. Nakala ziliwekwa katika vyumba vyenye ulinzi. Seneta aliyetaka kuisoma ilimbidi aende mwenyewe, aketi humo, asome, kisha airudishe. Ndani yake wataalamu wa Wizara ya Mambo ya Nje walikuwa wameandika kwamba hawaoni ushahidi wa kutosha kuwa Saddam Hussein amefufua mpango wa silaha za nyuklia. Wenzao wa Wizara ya Nishati walikataa hoja kwamba yale mabomba ya alumini yaliyopigiwa kelele magazetini yalikuwa ya mitambo ya kurutubisha urani. Mashaka hayo yalikuwa yameandikwa, yakimngoja msomaji. Gazeti la Washington Post liliripoti baadaye kwamba maseneta wasiozidi sita ndio waliosoma zaidi ya muhtasari wa kurasa tano. Bob Graham, mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Seneti, aliisoma, na akapiga kura ya hapana.

Kwa hiyo mwanasiasa akikuambia alidanganywa, muulize kwanza kama alisoma.

Vita vilianza Machi 2003. Silaha hazikuonekana, na mwaka 2004 wakaguzi wa Marekani yenyewe walithibitisha kwamba hapakuwa na maghala yake. Hapo ndipo kubadili gia angani kulipoanza, kila mmoja kwa wakati uliomfaa. John Kerry, aliyepiga kura ya ndiyo mwaka 2002, alikataa fungu la dola bilioni 87 za vita Oktoba 2003. Machi 2004, akiwania urais, aliwaambia watu wa Huntington, West Virginia, kwamba kwa kweli fedha hizo alizipigia kura ya ndiyo kabla hajazipigia kura ya hapana. Wapinzani wake walilitia neno hilo kwenye matangazo, na nchi nzima ikamcheka.

Kicheko kile kilidhuru kuliko tunavyokumbuka. Kilifanya kugeuka kwenyewe kuwe ndiyo aibu, hata Agosti ya mwaka huohuo, Kerry alipoulizwa pale Grand Canyon, akajibu kwamba angeipigia tena kura idhini ya vita hata kama angejua silaha hazipo. Mtu alikuwa ameanza kuukaribia ukweli, watu wakamzomea, naye akarudi kwenye uongo alikokuwa salama. Miaka miwili baadaye ndipo alipokiri kwamba kura yake ilikuwa kosa. Ndiyo maana nasema tusipoteze nguvu kumzomea kigeugeu. Tumkalishe kitako, tumdai hesabu.

John Edwards, aliyekuwa mgombea mwenza wa Kerry, aliandika gazetini Novemba 2005 kwamba alikosea. Makala ilisifiwa kwa ujasiri. Lakini Edwards alikuwa ametoka Seneti tangu Januari mwaka huo. Aligeuka akiwa hana tena kura ya kugeuza. Hadi wakati huo Wamarekani zaidi ya 2,000 walikuwa wameuawa, na Wairaqi waliouawa walikuwa wengi zaidi ya hao mara nyingi. Hillary Clinton alibaki na kiti chake cha Seneti hadi Januari 2009 na akakataa kulitamka neno kosa. Februari 2007 aliwaambia wapiga kura wa New Hampshire kwamba anayetaka mgombea ambaye hakupiga kura ile, au aliyesema amekosea, wapo wengine wa kuchagua. Alikiri kwenye kitabu chake cha mwaka 2014, akiwa hana cheo chochote.

Wapo waliofanya zaidi ya hapo: waliibadilisha jana yao. Joe Biden alipiga kura ya ndiyo, na mwishoni mwa Julai 2003, vita vikiwa na miezi minne, alisema angepiga kura ileile tena. Mwaka 2005 alikiri kwamba alikosea, na hilo lilikuwa la haki. Lakini 2019, akiutafuta urais, alisema alivipinga vita tangu dakika vilipoanza. Donald Trump aliulizwa redioni Septemba 2002 kama anaunga mkono uvamizi, akajibu kwa ndiyo ya mdomo mzito. 2016 akatembea nchi nzima akisema aliupinga tangu mwanzo. Vyama viwili, marais wawili, na wote wawili waliweza kuruka kimanga mbele ya kumbukumbu zilizoandikwa na sauti zilizorekodiwa. Ikiwa huko ambako kila neno la mwanasiasa linahifadhiwa mambo yalikuwa hayo, huku kwetu ambako mengi husemwa juu ya gari la kampeni na kupeperuka, tunapaswa kuwa macho zaidi.

Yuko mmoja aliyegeuka inavyopasa, na kisa chake kinastahili kusimuliwa taratibu. Walter Jones alikuwa mbunge wa chama cha Republican kutoka North Carolina, katika jimbo lenye kambi kubwa ya kikosi cha Marine, Camp Lejeune. Mwaka 2002 alipiga kura ya ndiyo. Machi 2003, Ufaransa ilipokataa kuunga mkono vita, Jones alikuwa miongoni mwa walioshinikiza mgahawa wa Bunge ufute jina la Ufaransa kwenye chipsi na kuziita chipsi za uhuru. Mwezi uliofuata alikwenda kwenye maziko ya askari mmoja kambini kwao. Mjane akasoma barua ya mwisho ya mumewe.

Jones alitoka pale akaanza kuziandikia barua familia za waliokufa. Aliendelea miaka na miaka, na barua zikapita 11,000. Nje ya mlango wa ofisi yake, katika korido ya jengo la Bunge, alipanga picha za askari wa Camp Lejeune waliouawa, safu juu ya safu, kiasi kwamba mgeni yeyote, awe waziri au mfanyabiashara aliyekuja kuomba mkataba, alipita kwanza mbele ya nyuso hizo. Naye hakujificha nyuma ya Bush. Alikiri hadharani kwamba hakufanya kazi yake ya kusoma na kuchunguza kabla ya kupiga kura.

Kama angeishia kwenye barua na picha, nisingemtaja. Juni 2005 aliungana na wabunge wengine watatu, wawili kati yao wa chama pinzani, kuwasilisha azimio la kumtaka rais apange tarehe ya kuanza kuondoa jeshi. Alikuwa bado na kiti. Chama chake ndicho kilichokuwa madarakani, na kambi iliyokuwa ikipeleka vijana Iraq ilikuwa ndani ya jimbo lake. Wakubwa wa chama walimnyima nafasi za uongozi kwenye kamati. Wapiga kura, wakiwamo wanajeshi na wake wa wanajeshi, waliendelea kumchagua hadi alipofariki Februari 2019.

Jones alikuwa mmoja. Wengi waligeuka kwa mdomo, na idhini waliyoipitisha ikabaki pale pale. Saddam alinyongwa Desemba 2006. Jeshi la Marekani liliondoka Iraq Desemba 2011. Idhini ya kumpiga Saddam haikuondoka. Tarehe 3 Januari 2020 droni ya Marekani ilimuua Jenerali Qasem Soleimani wa Iran karibu na uwanja wa ndege wa Baghdad, na serikali ya Trump ikaitaja idhini ya 2002 kuwa mojawapo ya misingi ya kisheria ya shambulio hilo. Fikiria: miaka 17 ya majuto, vitabu na mahojiano ya machozi, na karatasi yenyewe bado ilikuwa na meno. Ilibidi kufika Machi 2023 ndipo Seneti ilipopiga kura ya kuifuta, 66 kwa 30, na hata hapo Bunge la Wawakilishi halikuikamilisha kazi hiyo wakati ule.

Msomaji wa Lamu au Kismayu asidhani hayo ni mambo ya Washington tu. Kuna idhini kubwa zaidi, ya Septemba 2001, iliyopitishwa siku tatu baada ya minara ya New York kuanguka. Katika Bunge la Wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1. Aliyekataa peke yake ni Barbara Lee wa California, akionya kwamba wanampa rais hundi isiyoandikwa kiasi. Wakati huo kundi la al-Shabaab la Somalia halikuwepo. Mwaka 2016 serikali ya Barack Obama, mtu aliyejijengea jina kwa kuvipinga vita vya Iraq tangu Oktoba 2002, iliitafsiri idhini hiyo kuwa inahusu al-Shabaab pia, na mashambulizi ya anga Somalia yakaendelea chini yake. Alfajiri ya 5 Januari 2020 al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda, kaunti ya Lamu, na Wamarekani watatu wakauawa katika ardhi ya Kenya. Kura iliyopigwa kwa dakika za hasira mwaka 2001 ilikuwa imefika mpaka kwenye mikoko yetu.

Afrika Mashariki ilikuwamo Iraq pia. Machi 2003 Uganda na Rwanda zilikuwa kwenye orodha ya nchi zilizojitangaza upande wa Marekani, na miaka iliyofuata maelfu ya vijana wa Uganda walikwenda kulinda kambi za Wamarekani huko wakiwa wameajiriwa na makampuni binafsi, kwa mishahara iliyozidi kushuka kadiri makampuni yalivyogombania zabuni. Walinzi hao hawamo katika hesabu ya askari waliokufa.

Tena madhara hayaishii kwenye vita vilevile. Clinton alipokuwa bado hajatoa hesabu ya kura yake ya 2002, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 2011 alikuwa mmoja wa waliomsukuma Obama kuipiga Libya. Safari hiyo Bunge la Marekani halikuombwa idhini kabla ya mashambulizi. Gaddafi akaanguka, maghala ya silaha yakabaki wazi, bunduki zikavuka jangwa, na 2012 kaskazini mwa Mali ikawa mikononi mwa makundi yenye silaha. Aliyesamehewa bila kuulizwa alipewa nafasi ya kuamua tena, na waliolipa safari hiyo walikuwa Waafrika.

Sasa turudi kwetu. Jumamosi, 15 Oktoba 2011, mawaziri wawili wa Kenya, George Saitoti wa Usalama wa Ndani na Yusuf Haji wa Ulinzi, walitangaza Nairobi kwamba al-Shabaab watafuatwa huko huko waliko. Kesho yake jeshi likavuka mpaka. Watalii walikuwa wametekwa Lamu, wafanyakazi wa misaada wametekwa Dadaab, na hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Lakini Katiba, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, inasema katika Ibara ya 95 kwamba Bunge la Taifa ndilo linaloidhinisha tangazo la vita. Hakuna kura iliyotangulia kuvuka. Mwaka uliofuata jeshi letu likaingizwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, na mwishoni mwa Septemba 2012 Kismayu ikachukuliwa. Shangwe zilikuwa kubwa.

Kisha yakaja mashambulizi ya al-Shabaab kwetu. Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Mpeketoni, Juni 2014, wanaume wakitolewa majumbani usiku na kuuawa. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2016 kambi yetu ya El Adde, Somalia, ikavamiwa alfajiri, na serikali haikuwahi kutoa idadi kamili ya askari tuliowapoteza. Kuna mama anayejua mwanawe alikuwa El Adde kwa sababu jeneza lilifika nyumbani, na ukimuuliza walikuwa wangapi, hajui, wala aliyempeleka huko hajamwambia.

Hayati Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu jeshi lilipovuka, na aliunga mkono. Novemba 2011 alikwenda hadi Israel kutafuta msaada. Mwaka 2014, akiwa upinzani, alitaka jeshi liondoke. Alikuwa na haki ya kubadili mawazo, na swali lake juu ya usalama wa ndani lilikuwa na uzito. Lakini mabishano yakageuka kuwa ya nani alisema nini zamani, nani mzalendo na nani msaliti. Jeshi likabaki. Kikosi kimebadilishwa jina mara mbili tangu hapo, kikawa ATMIS, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM, na Wakenya bado wamo.

Hatukujifunza. Tarehe 2 Novemba 2022 Rais William Ruto aliwakabidhi bendera wanajeshi wa kwenda mashariki mwa Kongo. Wabunge waliidhinisha siku chache baadaye, askari wakiwa wameshaagwa. Kikosi hicho cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kuongeza muda wake, na Januari 2025 mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Waulize wabunge waliosema ndiyo siku ile wanaonaje sasa. Wengi watakuwa na maneno mazuri.

Kwa hiyo mgombea atakapopanda jukwaani na kusema amebadili msimamo juu ya vita, tafadhali msikilize kwa makini kabla hujampigia makofi. Anayesema tulidanganywa bila kumtaja aliyedanganya anamlinda mtu, na mara nyingi anajilinda mwenyewe. Anayesema vita vilikuwa sahihi ila viliendeshwa ovyo hajageuka hata kidogo. Anaomba aviendeshe yeye. Anayesema vijana warudi bila kutaja tarehe ameshaacha mlango wazi wa kutowarudisha. Na anayesema alipinga tangu mwanzo aonyeshe alipopinga: siku gani, katika kikao gani, mbele ya nani. Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala, zipo kwenye tovuti ya Bunge, na za kuanzia Oktoba 2011 hazijafutwa. Anayejua kutumia simu awatafutie wazee wa mtaani maneno ya mbunge wao, awasomee barazani.

Nayasema haya sasa na si Julai 2027, kwa sababu wabunge wa leo bado wana kiti na kura. Aliyegeuka kweli anaweza wiki hii kuwasilisha hoja ya kutaka idadi kamili ya askari waliouawa El Adde, na katika kambi ya Kulbiyow mwaka mmoja baadaye. Anaweza kudai kwamba hakuna mwanajeshi atakayeagwa kwa bendera kabla Bunge halijapiga kura. Anaweza kudai kwamba idhini yoyote ya kukaa nchi ya watu iwe na tarehe ya mwisho, irudi kujadiliwa upya tarehe hiyo ikifika, na majina ya waliosema ndiyo yasomwe. Ofisi ya mbunge wako iko mjini kwenu na inafunguliwa siku za kazi. Nendeni watatu au wanne, na barua mkononi, mkaulize hoja hiyo ataileta lini, na mwombe jibu lake kwa maandishi.